Usifagie, Msafiri Bado Hajafika

Vumbi lilikuwapo kwanza. Kabla ya vita, kabla ya ndege, kabla ya barua yenye mhuri wa serikali, lilikuwapo vumbi. Lilinyanyuka kutoka mashamba ya Saskatchewan yaliyonyimwa mvua, likasimama angani rangi ya chai, kisha likaingia ndani bila hodi: chini ya mlango, kwenye unga, masikioni mwa watoto. Mama yao, Paraska, alitundika shuka zilizolowa madirishani, na kulipokucha shuka zilikuwa matope.

Na kila asubuhi, juu ya meza, vumbi lilikuwa na jina. METRO. Dmytro lilikuwa jina la kanisani. Metro ndilo la shambani, shuleni na mezani. Aliamka kabla ya wote, akapitisha kidole kutoka ukingo hadi ukingo, kisha akatoka kwenda kukamua ng'ombe kana kwamba hajui lolote. Na Teklia, mdogo wake, ambaye kazi yake ilikuwa meza na sakafu, alilikuta lile jina, akanuna, akalifuta.

"Umenifuta tena?" Metro angeuliza akirudi na ndoo.

"Usiandike, basi."

"Meza inaniuliza jina. Nikae kimya kama sina adabu?"

Hivyo ndivyo walivyopendana wale wawili, mmoja akiandika na mmoja akifuta. Wengine hukumbatiana.

Sasa Teklia ana miaka sabini na mitano, na amechoka. Si uchovu wa kazi, maana huo huisha kwa usingizi. Ni uchovu wa mtu aliyepewa kitu akishike kidogo, na mwenye kitu hakurudi, na yeye haoni haya mikono kumuuma ila anaona haya kukiweka chini. Amesafiri siku nzima kwa basi kuja kaskazini, ambako ngano inakoma na misonobari inaanza. Amekaa juu ya gati la mbao, mkoba mapajani, na ndani ya mkoba mna chupa ya ngano iliyochemshwa kwa asali, na barua moja. Mbele yake, juu ya maji, inaelea ndege ndogo nyekundu yenye maboya badala ya magurudumu.

Daktari amemwambia moyo wake si wa kuwekea miadi ya mbali. Basi amekuja kuvunja ahadi aliyompa mama yake, na hajui kama ana haki ya kuivunja.

Ahadi ilianza na ufagio.

Kwao, watu waliokuja na mbegu na nyimbo zao kutoka Ukraine, mtu akisafiri nyumba haifagiwi mpaka afike aendako. Ukifagia unazifagia nyayo zake, na asiye na nyayo atarudi kwa njia gani? Hakuna aliyefundishwa jambo hili. Lilijulikana tu, kama inavyojulikana kwamba mkate hauwekwi kifudifudi.

Metro aliondoka kwenda vitani Oktoba, mwaka wa tatu wa vita, mavuno yakiwa yamekwisha ingia ghalani. Mama alimpeleka stesheni kwa gari la farasi, maili saba, na Teklia akaachwa na ng'ombe. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alilia mpaka akachoka, kisha akaingia ndani, akaona juu ya meza, katika vumbi la kupura ngano, herufi tano za siku zote.

Akafanya alichokifanya siku zote. Akafuta meza. Kisha akachukua ufagio, akafagia sakafu yote, pembe kwa pembe, ili mama akirudi na macho mekundu akute nyumba safi na apumzike. Alijua mwiko. Alisahau mwiko. Mambo hayo mawili hukaa nyumba moja, na mtoto hana ufunguo.

Mama aliporudi alisimama kizingitini na kitambaa chake kichwani. Akaitazama sakafu.

"Umefagia," alisema.

Hakumpiga. Laiti angempiga, likaisha. Aliuchukua ufagio mkononi mwa binti yake, polepole, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu, na tangu siku ile hadi siku ya kufa kwake hakumrudishia. Alifagia mwenyewe, mgongo ukiuma, magoti yakivimba. Ila kila mara aliacha kipande kimoja karibu na mlango, upana wa viatu viwili vya mwanamume, pale Metro alipokuwa akivulia buti. Vumbi likajikusanya pale, likawa kijivu, likawa nene.

"Hapo usifagie," aliwaambia wageni waliotaka kusaidia. "Msafiri bado hajafika."

Metro aliwekwa mkiani mwa ndege ya mabomu, peke yake na bunduki zake, ndani ya kijumba cha vioo ambamo hata buti zilikuwa na shida ya kuingia. Barua zake zilikuja na baridi ndani yake. Mama hakujua kusoma, basi Teklia ndiye aliyemwandikia majibu na kumsomea, Jumapili baada ya kanisa, sauti ikiwa juu kwa sababu mama aliamini barua ya mbali inahitaji sauti kubwa.

"Wenzangu sita wanatazama mbele," Metro aliandika. "Mimi nimeketi kinyumenyume. Wao wanaona tunakokwenda, mimi naona tulikotoka. Ni kiti cha kunifaa, mama, maana mimi ndiye ninayetaka kurudi nyumbani kuliko wote."

Na nyingine: "Tukishageuza, nyuma yetu panakuwa na mwanga. Unabaki muda mrefu. Wenzangu wanalala au wanakunywa chai, na mimi bado nautazama."

"Mwanga wa nini?" mama aliuliza.

"Wa mji, Mama."

"Basi wana taa nyingi, watu wale."

"Ndiyo, Mama," akasema Teklia, akaendelea kusoma.

Palikuwa na barua ya mwisho, na ndani yake palikuwa na mstari mmoja ambao Teklia aliuruka. Macho yake yaliufikia, shingo ikamwaka moto, na mdomo ukapita juu yake kama mtu anayeruka dimbwi. Alisema moyoni: nitausoma Jumapili ijayo, nikiwa na nguvu. Alhamisi ikaja simu ya maandishi kutoka jeshini.

Hajulikani alipo. Ndivyo ilivyosema. Ndege ilitoka na haikurudi, na hapakupatikana bawa, wala mwili, wala kifungo. Miezi sita baadaye ikaja karatasi nyingine iliyosema kwamba sasa anahesabiwa kuwa amekufa.

"Anahesabiwa?" mama aliuliza. "Na nani? Aliyemhesabu alimzaa?"

Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Na mfiwa alikataa kuanza. Padre alikuja mara mbili kuuliza siku ya ibada ya wafu, akapewa mkate na maziwa, akarudi na jibu lile lile. Majirani walileta nyuso zao za msiba, wakakosa pa kuziweka. Hivyo Metro hakuliliwa. Matanga yasiyowekwa hayaanuliwi, na nyumba ile ikakaa miaka katika kitu kisicho msiba wala amani.

Jioni ya mkesha wa Krismasi, familia zote za kwao hupuliza kiti kabla ya kukikalia, puu moja ya taratibu, maana jioni ile wafu hurudi kula na walio hai, na si vizuri kuikalia roho ya mtu wako. Paraska alipuliza kiti cha mumewe aliyekufa zamani. Alipuliza cha mama mkwe. Kiti cha Metro hakupuliza.

"Huyu si roho," alisema. "Huyu amechelewa."

Barua ya ziwa ilikuja mwaka wa kumi baada ya vita. Jimbo lao lina maziwa mengi kuliko majina, na wakubwa wakaona vyema kuyagawia majina ya waliokufa vitani, mmoja mmoja, kila kijana na maji yake, hata wale ambao maisha yao yote waliogelea ndani ya birika la farasi. Karatasi ilikuwa nzuri, nzito, ina ramani. Palikuwa na doa la buluu juu kabisa, pasipo barabara, na pembeni yake jina lao.

Teklia aliisoma kwa sauti kubwa. Mama alisikiliza hadi mwisho, akafuta unga mikononi.

"Mwanangu si ziwa," alisema, akaiweka chini ya beseni la kukandia unga.

Na alipokuwa akifa, mwaka wa ishirini na tisa tangu asubuhi ile ya ufagio, hakuomba maji wala padre. Alimshika Teklia kifundo cha mkono. "Usimwimbie wimbo wa wafu mpaka afike. Na pale mlangoni usifagie." Teklia akasema ndiyo, Mama. Angesema nini? Aliyemfagia kaka yake ana ubavu gani wa kubisha?

Akaolewa na hakuhama, mume ndiye aliyehamia kwake. Mume akafa. Watoto hawakupatikana. Mashamba yakakodishwa kwa watu wenye mashine kubwa kama kanisa. Na yeye, kila Jumamosi, akafagia nyumba yote akazunguka kile kipande karibu na mlango, upana wa viatu viwili. Miaka sitini na miwili imepita tangu Oktoba ile. Ufagio unajua kona ile hata gizani.

Sasa anajiuliza jambo moja tu, na halimpi usingizi: mimi nikienda, nani atamwimbia? Hakuna mwingine aliyebaki anayeijua sauti yake. Atabaki doa la buluu juu ya ramani, msafiri ambaye hata wanaomngoja wamekwisha kufa.

Rubani wa ile ndege nyekundu, wa kumpeleka ziwani, aliitwa Isidore, mtu wa kaskazini, mvi kwenye masharubu na mafuta ya injini kwenye kucha. Alimshika Teklia mkono kumvusha kutoka gatini.

"Umewahi kupanda ndege, Bibi?"

"Sijawahi. Wala sikuwa na mpango."

"Basi leo utanisifu."

"Nitakusifu tukirudi. Kusifu ndege ikiwa bado juu ni kujitakia."

Isidore alicheka. Akamwonyesha kiti cha mbele, karibu naye, chenye dirisha kubwa. Teklia akakataa, akataka cha nyuma kabisa. Akainama kuingia, akashika mgongo wa kiti, na kabla hajaketi alikipuliza. Puu. Mara moja, taratibu.

"Nimekifuta asubuhi, Bibi," Isidore alisema, kidogo amekwazika. "Mimi ndege yangu ni safi."

Teklia alikuwa amesimama nusu, mkono kwenye kiti, pumzi yake mwenyewe bado iko mdomoni. Hakukusudia. Mwili ulikuwa umesema kile ambacho ulimi uliapa kutosema. Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumpulizia Metro kiti, na sasa yeye amempulizia, mchana kweupe, mbele ya mgeni. Akaketi. Akafunga mkanda.

Ndege ikakimbia juu ya maji, ikagonga, ikagonga, kisha kugonga kukakoma. Teklia hakutazama mbele. Aligeuza shingo hadi ikauma, akatazama kwa kidirisha cha nyuma, na hapo akaona alichokiona kaka yake: gati likizidi kuwa dogo, nyumba zikizidi kuwa ndogo, kila kilichokuwa kikubwa kikimwacha bila kelele. Hakuna kinachokujia ukikaa hivi. Kila kitu kinakuaga. Na alikuwa na miaka ishirini na moja, alifikiri Teklia, akaketi hivi kwa muda wa saa nane mfululizo, anaagwa na dunia nzima na hana wa kumjibu.

Akafikiri na juu ya ule mwanga. Alikuwa amekwisha jua, tangu zamani, kwamba hazikuwa taa. Kulikuwa na akina mama kule chini pia, na asubuhi walifagia, kama bado walikuwa na sakafu. Nao walikuwa na wasafiri wao. Teklia hajawahi kujua amweke wapi Metro katika jambo hilo, pamoja na waliochoma au pamoja na waliochomwa, na leo pia hakujua. Alijua tu kwamba Metro alitazama. Wengine walikunywa chai, na yeye alitazama hadi mwisho.

"Ndilo lile," Isidore alisema kwa sauti ya kushinda injini.

Lilikuwa ziwa dogo. Alitarajia kubwa, akaona aibu kwa kutarajia. Lilikaa kati ya miamba na misonobari, bila nyumba, bila njia, bila mtu. Ndege ikatua, ikaelea hadi kwenye mwamba uliolala chini karibu na maji, injini ikazimwa, na kimya kikawafikia kama joto la jikoni.

Isidore alimshusha mwambani, akamtandikia koti lake.

"Ramani inasema ni la ndugu yako," alisema. "Lakini nisikufiche, Bibi. Lilikuwa na jina kabla. Nyanya yangu na watu wake walipita hapa na mitumbwi mabegani, kutoka mto mmoja kwenda mwingine. Walipaita Pa Kutua Mizigo. Usikasirike."

"Nikasirike kwa nini?"

"Wengine hukasirika."

"Hakupenda vitu vipya huyo," Teklia alisema. "Hata buti alivaa za marehemu baba. Mwachie na jina hilo."

Kisha akamwomba akae naye, maana wimbo ule hauimbwi na mtu mmoja bila msikilizaji. Isidore akavua kofia.

Kwanza alifungua barua. Mikunjo yake ilikuwa imekatika, vipande vinne vya karatasi vilivyoshikana kwa mazoea. Hakuhitaji miwani. Alisoma kwa sauti kubwa, sauti ya Jumapili baada ya kanisa, kwa lugha ya nyumbani, ili yule aliyekuwa na haki ya kusikia asikie popote alipo.

"Mama, Teklia ameniandikia pembeni mwa barua yako kwamba siku ile alifagia, na kwamba wewe humpi ufagio. Mrudishie. Mimi niliandika lile jina ili alifute. Angeliacha, ningejua kwamba ananiaga."

Ndio mstari wenyewe. Aliuruka akiwa na miaka kumi na minne kwa sababu aliona haya kujiombea msamaha kwa mdomo wake mwenyewe. Na baada ya ile Alhamisi, angeusomaje? Ingekuwa kumtumia maiti awe shahidi wake. Kwa hiyo mama alikufa hajausikia, na ufagio ulibaki mkononi mwa asiyestahili kuchoka nao. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Nimekusomea, Mama," alisema. "Nimechelewa, lakini nimekusomea."

Alilia. Alilia vibaya, kwa pua na kwa mabega, kilio cha miaka sitini hakina heshima. Isidore aliyatazama maji, akamwacha.

Kisha akafungua chupa. Akachota ngano, chakula cha wafu kwao, kwa kijiko, akaitia majini, mara tatu, na mbegu zikazama polepole zikiwa zinang'aa asali. Akaimba. Kumbukumbu ya milele, kumbukumbu ya milele, kumbukumbu ya milele. Sauti ilikatika mara ya pili, akaiokota, akaimaliza. Hapakuwa na padre wala kengele. Ndege mmoja wa majini alijibu kutoka ng'ambo, na hakuna aliyedai kwamba alikuwa ishara ya chochote.

Ulikuwa Juni, na misonobari ilikuwa imemwaga chavua. Karibu na mwamba, pale maji yaliposimama, ilikuwa imetanda juu yake nyembamba na ya njano, pana kama meza. Teklia aliitazama muda mrefu. Vumbi. Hata huku, vumbi. Lakini hili lilikuwa laini na lina harufu ya utomvu, na lilikuja kuanzisha miti.

Akainama hadi magoti yakalia. Akanyoosha kidole, akaandika herufi tano, kutoka ukingo hadi ukingo, kubwa, kwa mwandiko usio wake.

Alidhani maji yangelifuta mara moja. Hayakufuta. Jina lilikaa pale, jeusi katikati ya njano, likiyumba kidogo na halivunjiki. Alikuwa hivyo hivyo, mkaidi. Alikuwa anangoja mwenye kazi yake.

Teklia akanuna, kama zamani. Kisha akapitisha kiganja juu ya maji, mara moja, pembe kwa pembe, akalifuta.

Baada ya kitambo Isidore alimpa mkono kumwinua. "Tukae kidogo, Bibi, au twende?"

"Twende," alisema Teklia. Kiganja chake kilikuwa cha njano, na hakukipangusa. "Msafiri amefika. Nina mahali pa kufagia, pale karibu na mlango."